Umealikwa kwenye jaribio la dawa ya baridi yabisi: mwongozo kamili kutoka upande wa pili wa meza

Unaitwa kliniki, unaambiwa kuna utafiti wa dawa mpya, unakabidhiwa karatasi ishirini zilizobanwa pini uende ukazisome nyumbani. Kabla hujafika stendi, jirani ameshakupigia simu kukuonya kwamba wanataka kukufanya panya wa maabara.

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kukaa na wagonjwa kama wewe, ukurasa kwa ukurasa, kabla hawajatia sahihi, kisha kuwafuatilia mpaka jaribio liishe. Nilichojifunza ni kwamba jaribio huharibika pale mtu anapoficha kitu, na wanaoficha wako pande zote mbili za meza. Nitakupitisha hatua zote tangu mwaliko hadi siku ya kutoka, kwa mifano ya majaribio yaliyofanyika kweli. Kama wewe umealikwa kwa ajili ya soriasisi au ugonjwa sugu wa utumbo, mengi ya humu yatakufaa vilevile, maana dawa zenyewe mara nyingi ni zilezile.

Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa wako ndio wanaoutafuta

Kwetu kila maumivu ya maungio huitwa baridi yabisi, na feni ya usiku ndiyo hulaumiwa. Watafiti hawawezi kufanya kazi na jina pana kiasi hicho. Bibi ambaye goti linamuuma akipanda ngazi na kutulia akiketi, huenda gegedu yake imesagika kwa umri. Mzee anayeamshwa usiku na kidole gumba cha mguu kilichovimba na kuwa chekundu, siku moja baada ya nyama choma, huyo mtafutie jongo kwanza.

Anayetafutwa ni yule ambaye kinga yake ya mwili imegeuka na kuushambulia utando wa ndani ya maungio. Huvimba vifundo vya vidole na mikono, kwa kawaida pande zote mbili. Asubuhi kufunga kifungo cha shati au kukamua nguo ni kazi, na vidole havilegei mpaka saa nzima ipite au zaidi. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume, mara mbili hadi tatu. Damu itapimwa ESR na CRP kuona ukubwa wa uvimbe mwilini, na itatafutwa pia kingamwili iitwayo anti-CCP. Kama hujawahi kupimwa hayo na tayari mtu anataka sahihi yako, mwambie asubiri.

Hatua ya 2: Uliza dawa imefika wapi katika safari yake

Swali moja linatosha: "Ni watu wangapi wameshaitumia kabla yangu, na kwa muda gani?"

Katika awamu ya kwanza dawa hupewa watu wachache, mara nyingi wenye afya, kuona kama mwili unaivumilia. Awamu ya pili huingiza wagonjwa, makumi hadi mamia, na hapo ndipo dozi inapotafutwa. Awamu ya tatu ni mamia hadi maelfu, dawa ikipambanishwa na nyingine au na plasebo, yaani kitu kinachofanana nayo kabisa ila ndani hamna dawa. Awamu ya nne hufanyika dawa ikiwa tayari iko madukani. Wagonjwa wengi wa baridi yabisi hualikwa kwenye ya pili au ya tatu.

Ukiambiwa ni ya kwanza, kumbuka London, Machi 2006. Katika kituo cha utafiti ndani ya hospitali ya Northwick Park, wanaume 8 wenye afya walijitolea kupokea TGN1412, dawa iliyokusudiwa magonjwa kama baridi yabisi na aina moja ya saratani ya damu. Wawili walipata plasebo. Sita walipata dawa, mmoja baada ya mwingine kwa kupishana dakika chache tu, kwa dozi iliyokuwa sehemu 1 kati ya 500 ya ile iliyoonekana salama kwa wanyama. Haikupita saa moja na nusu wakaanza kuumwa kichwa, kutapika na kupanda homa, na wote sita wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Walitoka hai, lakini mmoja alipoteza vidole. Tangu hapo taratibu zimebadilika: mtu wa kwanza hupewa dawa peke yake, akaangaliwa, ndipo wengine wafuate. Kwa hiyo uliza kama wa kwanza atapewa peke yake. Mtafiti asiyelielewa swali hilo, mshukuru na uondoke.

Hatua ya 3: Angalia vibali

Hii ni kazi ya dakika kumi. Tanzania Bara, jaribio la dawa linahitaji cheti cha maadili cha kitaifa kinachotolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa. Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu pamoja na kamati ya maadili inayotambuliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Uganda ni NDA, mamlaka ya dawa, na UNCST, baraza la taifa la sayansi. Namba hizo zinapaswa kuwa kwenye fomu yenyewe, pamoja na simu ya kamati ya maadili. Hiyo simu ni yako, ya kupiga ukiwa na lalamiko ambalo hutaki kumwambia mtafiti.

Tafuta pia namba ya usajili wa wazi, ama ya PACTR, daftari la Afrika linaloendeshwa kutoka Cape Town, ama ya ClinicalTrials.gov la Marekani. Iingize kwenye simu yako. Utaona mfadhili ni nani, wanatafuta watu wangapi, na jambo la maana kuliko yote, wameahidi kupima nini. Ahadi ile ikishaandikwa kabla ya mtu wa kwanza kuingia, ni vigumu kwao kuibadilisha kimyakimya baadaye matokeo yakiwa mabaya.

Hatua ya 4: Fomu ya ridhaa

Isome nyumbani, na usiisome peke yako. Kama kusoma ni shida, sheria za utafiti zinataka awepo shahidi asiye mfanyakazi wa jaribio, asikilize ikisomwa neno kwa neno katika lugha unayoielewa, naye atie sahihi pembeni ya dole gumba lako. Ukiletewa fomu ya Kiingereza huku mtu akikutafsiria kichwani, omba ya Kiswahili. Ipo, kamati haipitishi utafiti kwa wasomaji wa Kiswahili bila hiyo. Na ukishasaini, nakala moja ni yako, uondoke nayo.

Nimeona wanawake wakisema "mume wangu ndiye atajibu". Zungumzeni nyumbani, sina neno na hilo. Ila mwili ni wako na sahihi ni yako, na anayeweza kuifuta saa yoyote bila kueleza sababu ni wewe. Ukijitoa, matibabu yako ya kawaida hayatakiwi kuguswa.

Kuna mtego mwingine ambao sisi wa upande wa pili hatupendi kuuzungumza. Daktari anayekutibu siku zote mara nyingi ndiye mtafiti. Umemzoea, amekusaidia, unaona aibu kumkatalia. Omba aliyekusomea fomu awe mtu mwingine, halafu jibu lako lipeleke kesho yake. Aibu ya siku moja ni nafuu kuliko mwaka mzima wa kuchomwa kitu usichokitaka.

Ndani ya fomu, tafuta mambo haya kwa kalamu mkononi. La kwanza, dawa zako za sasa zitakuwaje? Baadhi ya majaribio hukutaka uache kwanza dawa ya zamani kwa wiki kadhaa ili itoke mwilini, na wiki hizo zinauma. Katika majaribio mengi ya siku hizi kila mtu huendelea na methotreksati, dawa ya kawaida ya ugonjwa huu, kisha dawa mpya au plasebo ndiyo huongezwa juu yake. Hilo linavumilika. Kuachwa mikono mitupu kwa miezi, ugonjwa ukila mifupa, halivumiliki, na uharibifu wa kiungo haurudi nyuma. Tafuta sentensi inayosema mtu asiyepata nafuu atapewa dawa ya kuokolea kuanzia wiki ya ngapi. Mara nyingi ni kati ya wiki ya 12 na ya 16. Isipokuwepo, uliza kwa sauti.

Kisha angalia bima: ukiumia kwa sababu ya dawa, nani analipa, na je, inafika mpaka matibabu ya rufaa? Damu yako itabaki nchini au itasafirishwa, itahifadhiwa miaka mingapi, na itapimwa vinasaba? Nauli na chakula cha siku ya kliniki ni haki yako na si malipo ya mwili wako. Kiasi kikiwa kikubwa cha kushangaza, kamati ya maadili yenyewe ingeshtuka. Mwisho, jaribio likiisha na dawa imekufaa, utaendelea kuipata? Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha 1964 na kulirekebisha mara kadhaa, linataka jambo hili lipangwe kabla jaribio halijaanza. Fomu nyingi hulipitia kwa mstari mmoja tu.

Hatua ya 5: Uchunguzi wa kuingia, na vidonge vya kwenye khanga

Hapa ndipo ninapotaka usinifiche kitu.

Mama mmoja wa makamo aliwahi kukaa mbele yangu akajibu "hapana" kila nilipouliza habari ya dawa. Haumezi chochote, hajapaka chochote. Nikaacha fomu pembeni. Nikamwuliza, "Mama, usiku yakizidi unafanyaje?" Akacheka. Akafungua pindo la khanga akatoa kipakiti cha nailoni kilichofungwa kwa fundo, ndani mna vidonge vitatu, kimoja cha njano na viwili vidogo vyeupe. "Hivi tu mwanangu. Vya dukani. Nikivimeza naamka kupika." Mfamasia wetu alivigeuza kwenye kiganja akavitambua: kimoja cha maumivu, viwili vya steroidi.

Kwa kweli alikuwa anameza mjukuu wa muujiza wa zamani. Septemba 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, Philip Hench na wenzake walimchoma kortizoni, ambayo nayo ni steroidi, mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa hajiwezi kwa baridi yabisi. Baada ya siku chache akatoka kwenda madukani. Mwaka 1950 Hench na Edward Kendall wakapata Nobeli, pamoja na Tadeusz Reichstein wa Uswisi. Kisha yakaanza kuonekana madhara ya kuitumia kwa muda mrefu: uso kuvimba, mifupa kuwa dhaifu, sukari kupanda, maambukizi. Steroidi hushusha uvimbe haraka kuliko dawa nyingine zote, na ndiyo maana muuza duka anaziuza bila jina.

Sasa fikiria mama yule angeingia kimya. Siku ya kupimwa maungio yake yangeonekana mazuri kuliko yalivyo. Vidonge vikimwishia mwezi wa pili, ugonjwa ungelipuka na lawama ingeangukia dawa mpya. Akiviacha ghafla baada ya kuvizoea, tezi zake zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zilizokuwa zimelala, zingeshindwa kuamka na angeweza kuanguka kwa shinikizo kushuka. Kwa kusema ukweli hakufukuzwa. Majaribio mengi hukubali prednisoloni isiyozidi miligramu 10 kwa siku mradi dozi haijabadilika kwa wiki kadhaa. Alipewa dozi inayojulikana, akasubiri, akarudi, akaingia.

Kwa hiyo beba kila unachomeza na kupaka: vya dukani, vya mganga, unga wa mizizi, chai ya kupunguza mwili uliyouziwa na shoga yako. Hatuna haja ya kukusuta. Mitishamba mingine huchosha ini, na methotreksati nayo hulichosha ini, kwa hiyo vipimo vya ini vikipanda tusijue tumlaumu nani.

Jambo la pili la kutoficha ni kifua kikuu. Dawa nyingi za kisasa za baridi yabisi huzuia protini moja ya kinga iitwayo TNF, na TNF ndiyo inayoweka ukuta kuzunguka vijidudu vya TB vilivyolala mwilini. Bomoa ukuta, vijidudu vinatoka. Infliksimabu, mojawapo ya dawa hizo, ilipita majaribio yake yote, ikaruhusiwa kwa baridi yabisi mwaka 1999, na ni baada ya kuingia sokoni ndipo hesabu ilipojitokeza: mwaka 2001 watafiti wakachapisha taarifa ya wagonjwa 70 waliopata TB baada ya kuitumia. Wengi wao, 48, walikuwa wamechomwa mara tatu au pungufu. Na 64 kati ya hao 70 walitoka nchi ambazo TB ni adimu. Sisi tunaoishi ambako kila ukoo una mtu aliyewahi kutumia dawa za miezi sita tunapaswa kuisoma namba hiyo mara mbili.

Ukiulizwa kama umewahi kuishi na mtu mwenye TB, hata miaka ishirini iliyopita, hata kama familia ilisema ni kurogwa, jibu ndiyo. Utapigwa picha ya kifua na kufanyiwa kipimo cha ngozi au cha damu. Ukikutwa na vijidudu vilivyolala, utapewa kwanza dawa ya kinga. Utapimwa pia homa ya ini aina ya B, ambayo huweza kuamka kwa namna hiyohiyo, na VVU. Chanjo zenye vijidudu hai, kama ya homa ya manjano, hazichomwi ukiwa kwenye dawa hizi, basi mwenye safari aseme mapema.

Na mimba. Methotreksati huharibu mimba na kumlemaza mtoto tumboni. Fomu itakutaka utumie njia ya uzazi wa mpango, na utapimwa mkojo mara kwa mara. Ukichelewa hata siku tano, piga simu kabla ya kumeza dozi inayofuata.

Hatua ya 6: Kompyuta inapokupangia

Hakuna daktari anayechagua nani apate dawa. Kompyuta ndiyo inayogawa, na katika majaribio mengi wewe hujui, daktari hajui, na mimi ninayekuchoma sijui. Usinibembeleze nikuambie, sina cha kukuambia.

Sababu ya usumbufu wote huu utaiona kwenye jaribio lililofungua ukurasa mpya wa ugonjwa huu. Ravinder Maini na Marc Feldmann wa London waliamini kwamba TNF ndiyo inayowasha moto kwenye maungio. Mwaka 1992 walianza kuwapa wagonjwa 20 dawa ya kuizuia, kila mtu akijua anapewa nini, na nafuu ilikuwa ya kushangaza. Lakini mgonjwa akijua, na daktari akijua, nani hatasema amepona? Wakarudia kwa wagonjwa 73 kwa kugawanya, matokeo yakachapishwa 1994: baada ya wiki 4 za dozi moja, waliopata dozi kubwa walipata nafuu 79 kwa kila 100, dozi ndogo 44, plasebo 8. Baada ya hapo hapakuwa na ubishi.

Usidhani wa plasebo hubaki vilevile. Katika jaribio kubwa lililofuata, la watu 428 ambao wote waliendelea na methotreksati, 20 kwa kila 100 wa kundi la plasebo walihesabiwa kuwa na nafuu kufikia wiki ya 30, dhidi ya 50 hadi 58 kwenye makundi ya infliksimabu. Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe. Ndiyo maana ushuhuda wa shangazi aliyepona kwa mafuta ya mbuni haunitikisi.

Hatua ya 7: Siku ya kuhesabiwa maungio

Anayekupima atabonyeza maungio 28 kwa dole gumba, kwa nguvu ya kutosha ukucha wake ugeuke mweupe: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, magoti, na vifundo vya vidole vya mikono. Atahesabu yanayouma, kisha yaliyovimba, hesabu mbili tofauti. Nyayo hazimo. Kama ugonjwa wako umekaa miguuni, mwambie aandike pembeni, maana namba haitaonyesha unavyochechemea.

Kisha utapewa mstari wa milimita 100, mwanzo hakuna maumivu, mwisho maumivu yaliyopita kiasi, uweke alama. Hapa watu hutudanganya kwa heshima. Mzee anaweka alama karibu na sifuri kwa sababu daktari amemsalimia vizuri na hataki kumvunja moyo. Mwingine anaweka mwishoni akihofia ataondolewa. Weka alama ya wiki hii ilivyokuwa, na usitazame uso wa mtu.

Matokeo hutangazwa kwa lugha ya ACR20. Maana yake maungio yanayouma na yaliyovimba yamepungua kwa angalau 20 kwa 100, na vivyo hivyo vipimo 3 kati ya vingine 5, kama maumivu, uwezo wa kufanya kazi na CRP. Ukiwa na maungio 10 yaliyovimba yakabaki 8, kwa upande wa uvimbe umefaulu. Ndiyo, 8 bado yamevimba. Ukisikia redioni kwamba dawa "imefanya kazi kwa asilimia 60 ya wagonjwa", uliza ni ACR20 au ACR70, yaani nafuu ya angalau 70 kwa 100. Kwa mgonjwa mmoja mmoja mimi hupenda zaidi DAS28, alama moja inayojumlisha maungio hayo 28, kipimo cha damu na unavyojisikia: juu ya 5.1 ugonjwa unawaka, chini ya 2.6 umetulia.

Hatua ya 8: Kuishi na dawa nyumbani

Methotreksati ni mara moja kwa WIKI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu watu wamekufa kwa kuimeza kila siku, na kosa huanzia dirishani mtu anapoandika haraka. Chagua siku, sema Ijumaa, iandike kwenye kopo lenyewe. Foliki asidi utakayopewa humezwa siku nyingine. Mwambie na anayekuangalia nyumbani, maana siku ukiwa hoi ni yeye atakayekumiminia vidonge.

Dawa za sindano za kujichoma hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Usiziweke karibu na sehemu ya barafu. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Umeme ukikatika usifungue mlango wa friji kila saa kuchungulia. Andika saa ulipokatika na uliporudi, kisha utupigie kabla ya kuchoma. Hatutakugombeza, tutakupa nyingine.

Rudisha makopo na vidonge vilivyobaki. Huwa tunavihesabu. Kopo likirudi tupu kabisa wakati zilitakiwa kubaki siku sita, tunajua vilimwagwa chooni asubuhi ile ili hesabu ipendeze. Aliyesahau dozi tatu na kusema ana faida kubwa kwa utafiti kuliko huyo.

Hatua ya 9: Mambo yakienda mrama

Utapewa kadi ndogo yenye namba ya simu ya saa 24. Iweke nyuma ya kava la simu yako, si kabatini. Homa, kikohozi kinachodumu, kupungua uzito, jasho la usiku, vidonda mdomoni, macho ya njano, kupumua kwa shida: piga siku hiyohiyo. Ukienda zahanati ya karibu, onyesha kadi kwanza. Ikilazimu, kuna utaratibu wa kufungua siri kwa mgonjwa mmoja ili daktari ajue alipewa nini.

Kulazwa kwa sababu yoyote huripotiwa, hata ukigongwa na bodaboda. Washiriki hushangaa: bodaboda na dawa wapi na wapi? Lakini kama dawa inaleta kizunguzungu, ajali tano za bodaboda katika kundi moja ndizo zitakazotuambia. Jaribio kubwa huwa na kamati huru inayotazama hesabu hizo na yenye uwezo wa kulisimamisha.

Nilisema wanaoficha wako pande zote mbili. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya VIGOR, jaribio la wagonjwa 8,076 wa baridi yabisi waliotumia dawa ya maumivu iitwayo rofekoksibu, iliyouzwa kwa jina la Vioxx, au nyingine ya maumivu, naproksini. Vioxx iliumiza tumbo pungufu kuliko mwenzake, yaani ilifaulu. Mshtuko wa moyo ulikuwa mwingi zaidi upande wake, ikaelezwa kwamba huenda naproksini ndiyo inayolinda moyo. Septemba 2004 ikaondolewa sokoni dunia nzima, baada ya jaribio jingine kuonyesha hatari ileile dhidi ya plasebo. Desemba 2005 jarida lililochapisha VIGOR likatoa tamko kwamba visa vitatu vya mshtuko wa moyo havikuingizwa kwenye makala. Vitatu tu, kati ya watu elfu nane. Kwa hiyo ukiumwa kifua usiku wa manane na ukaona haifai kusumbua watu, sumbua.

Hatua ya 10: Kutoka

Jaribio likiisha omba mambo kwa maandishi: ulikuwa kundi gani (utaambiwa siri ikishafunguliwa kwa wote, huenda mwaka ukapita), nakala ya vipimo vyako vya damu na picha, na matokeo kwa lugha unayoielewa. Kama kuna awamu ya nyongeza ambapo kila mtu hupewa dawa halisi, soma fomu yake upya kama mgeni. Madhara mengine huja polepole: tofasitinibu, kidonge cha baridi yabisi, iliruhusiwa Marekani 2012, na mpaka 2022 ndipo yalipochapishwa matokeo ya watu 4,362 wa miaka 50 na kuendelea wenye hatari ya ugonjwa wa moyo, yakionyesha magonjwa ya moyo na saratani zaidi kuliko kwa waliotumia dawa za kuzuia TNF.

Ukiambiwa dawa imeisha na bei yake huiwezi, usikate tamaa ukarudi kwenye vidonge vya dukani vya kwenye nailoni. Mwaka 2013 jaribio la wagonjwa 353 lililinganisha etanasepti, sindano ya kuzuia TNF, pamoja na methotreksati, dhidi ya methotreksati, salfasalazini na haidroksiklorokwini kwa pamoja, dawa tatu za zamani. Zile tatu hazikuzidiwa kwa kiasi cha maana. Mwulize daktari wako kwa majina.

Kadi ya mshiriki usiitupe. Infliksimabu hukaa mwilini kwa miezi, kwa hiyo kama ulichomwa dawa ya aina hiyo, kwa miezi 6 baada ya chupa ya mwisho kila mhudumu wa afya utakayemwona, hata wa kikohozi cha kawaida, hata wa chanjo ya safari, mwonyeshe kadi kabla hajauliza unaumwa nini.